Msimsingizie Confucius

Ukikaa na Waswahili waliowahi kuishi ughaibuni, hukawii kuisikia hukumu hii. Mmarekani hana ndugu: akitimiza miaka 18 hufukuzwa nyumbani, na akizeeka watoto wake humpeleka nyumba ya wazee akafie huko. Mchina ni mwenzetu: huishi na babu, bibi, wajukuu na mama mkwe chini ya paa moja, kwa kuwa Confucius aliwafundisha utiifu kwa wazazi miaka elfu mbili na mia tano iliyopita. Maneno haya husemwa kwenye mahubiri, husemwa na wanasiasa wanaosifu maadili ya Mashariki, na husemwa na wazazi wanaomuaga kijana anayekwenda kusoma Minnesota. Vitabu vinavyofundisha mameneja namna ya kufanya biashara na Wachina huyasema pia, kwa uhakika ule ule.

Mimi nayapinga. Sisemi kwamba Wachina na Wamarekani hawatofautiani. Wanatofautiana, na nitaonyesha ni wapi. Nayapinga kwa sababu yanachukua mambo yaliyotungwa na sheria, mishahara, ramani za mipango miji na daftari za usajili, mengi yakiwa na umri mdogo kuliko bibi zetu, yanayavika joho la utamaduni wa kale na kuyaita tabia ya taifa. Na mtu akishaamini kuwa jambo fulani ni tabia ya taifa, haulizi tena ni nani aliyelitunga, wala ni nani anayelilipia.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo hukumu hii inapoanza kuyumba. Sensa ya China ya mwaka 2020 ilikuta kaya moja, kwa wastani, ina watu 2.62. Mwaka huo huo kaya ya Marekani ilikuwa na watu wapatao 2.5. Kaya za mtu mmoja zilikuwa zaidi ya milioni 125 nchini China, yaani robo ya kaya zote. Marekani zilikuwa asilimia 27.6. Nchi mbili tunazoambiwa kwamba zimepeana mgongo katika habari za familia, usiku ukiingia zinafunga milango yake zikiwa na watu karibu sawa ndani.

Najua jibu linalofuata: hayo ni ya juzi, miji imewaharibu Wachina. Basi turudi nyuma. Sensa ya mwaka 1953, wakati Wachina walio wengi mno walikuwa wakulima vijijini, ilipata wastani wa watu 4.33 kwa kaya. Mwaka 1982 wastani ulikuwa 4.41. Kaya ya watu wanne na ushei ni baba, mama na watoto, pengine na bibi mmoja. Ile nyumba kubwa yenye nyua kadhaa na vizazi vinne mezani, tunayoiona kwenye tamthilia, ilikuwa ya mwenye ardhi na ya afisa wa serikali. Mkulima maskini hakuwa na vyumba vya kuwaweka vitukuu, na mara nyingi hakuishi miaka ya kutosha kuwaona. Lilikuwa tamanio la wengi na maisha ya wachache.

Hukumu hii basi imetoka wapi? Imetoka kwenye macho ya watu wetu wenyewe, na siwalaumu, ila macho yao yaliwekwa mahali pamoja. Wakenya na Watanzania wengi wanaofika Marekani hupata riziki yao ya kwanza kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mafunzo ni ya wiki chache, cheti hupatikana upesi, na zamu za usiku hazikosekani. Usiku kucha mtu anawageuza wagonjwa kitandani wasipate vidonda, anabadilisha shuka, anajibu kengele. Chumba cha mwisho kuna mama wa miaka tisini anayemwita binti yake kwa jina, na binti mwenyewe hajakanyaga pale tangu Krismasi. Anayeuona huo ukiwa kila siku anaporudi nyumbani atasema nini zaidi ya kusema kwamba Wamarekani huwatupa wazazi wao?

Lakini anayefanya kazi hospitali huona wagonjwa. Wamarekani wenye umri wa miaka 65 na zaidi walipita milioni 55 katika sensa ya 2020. Walioko kwenye nyumba za uuguzi ni kama milioni moja na laki tatu, hawafiki watatu katika kila wazee mia. Hata ukiwajumlisha na wale wa makazi ya kusaidiwa, bado hawafiki watano. Waliobaki wako majumbani. Na ripoti ya mwaka 2020 ya AARP, shirika la wazee wa Marekani, na Muungano wa Kitaifa wa Watunzaji ilikadiria kuwa watu milioni 53, yaani mtu mzima mmoja katika kila watano, walikuwa wakimhudumia jamaa au mtu wa karibu aliye mzee, mgonjwa au mlemavu bila kulipwa. Huko mhudumu wetu haitwi mara nyingi, kwa sababu kazi ambayo angelipwa kuifanya inafanywa na binti wa mwenye nyumba.

Na mfanyabiashara wetu anayekwenda Guangzhou au Yiwu kufunga mzigo naye ana dirisha lake. Anaingia duka la jumla, anamkuta bibi nyuma ya kaunta akimlisha mjukuu, baba anapiga hesabu kwenye kikokotoo, mama anafunga maboksi kwa utepe. Anarudi Kariakoo na Gikomba akisifu familia ya Kichina. Hakufika bwenini kwa yule dada aliyeshona nguo zilizomo ndani ya maboksi yale, wala hakufika kijijini, mamia ya kilomita kutoka pale, ambako mtoto wa dada huyo analala bila mama yake.

Sasa tuitazame Marekani kwa karibu. Mwanahistoria Steven Ruggles, aliyezichambua sensa za nchi hiyo za karne moja na nusu, ameonyesha kwamba katikati ya karne ya 19 karibu wazee saba katika kila kumi wenye miaka 65 na zaidi waliishi na mtoto wao. Mwishoni mwa karne ya 20 walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 15. Dini ilikuwa ile ile na Katiba ilikuwa ile ile. Na ule "moyo wa kujitegemea" tunaosimuliwa ulikuwa umekwisha kutangazwa zamani. Kilichoondoka ni shamba. Baba mwenye shamba alikuwa na urithi mkononi, na kijana alibaki nyumbani akiusubiri. Kiwanda na ofisi vilipompa kijana ujira wake mwenyewe, hakuwa na cha kusubiri.

Kisha mwaka 1935 ikapitishwa sheria ya Social Security, na wazee wakaanza kupata pensheni ya kila mwezi. Mwaka 1959 wazee wa Marekani waliokuwa maskini walikuwa bado asilimia 35. Ilipofika mwaka 2000 walikuwa kama asilimia 10. Mzee mwenye fedha yake anaweza kuchagua kukaa kwake, mlango wake, jiko lake, ratiba yake. Wengi walichagua hivyo. Kuita uchaguzi huo kutupwa ni kumnyima mzee akili aliyonayo.

Na ile hadithi ya kufukuzwa nyumbani ukifika miaka 18? Takwimu zilizokusanywa na kituo cha utafiti cha Pew zinasema kwamba mwaka 1940 karibu nusu ya Wamarekani wa miaka 18 hadi 29 waliishi na wazazi. Mwaka 1960 walikuwa asilimia 29. Julai 2020, katikati ya janga la korona, walikuwa asilimia 52, wengi kuliko walioondoka. Ni utamaduni gani huu unaotoka na kurudi ukifuata mshahara na kodi ya nyumba? Miaka ya hamsini na sitini kijana mwenye cheti cha sekondari aliweza kupata kazi kiwandani, akaoa, akanunua nyumba. Watu walipomwona akiondoka wakasema Wamarekani ndivyo walivyo. Sasa anarudi, na wasemaji wamenyamaza.

Hata ile nyumba ndogo ya baba, mama na watoto wawili ilihitaji msaada wa dola. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilidhamini mikopo ya nyumba kwa askari waliorudi, vitongoji kama Levittown vikaanza kujengwa mwaka 1947, barabara kuu za shirikisho zikafuata kwa sheria ya 1956. Kanuni za mipango miji zikatenga maeneo makubwa kwa nyumba za familia moja tu. Na familia ni nani? Baadhi ya miji ilijipa kazi ya kujibu.

Kesi moja inatosha kuonyesha maana yake. Bibi Inez Moore, Mmarekani mweusi wa East Cleveland, jimbo la Ohio, aliishi nyumbani kwake na mwanawe wa kiume na wajukuu wawili. Wajukuu hao walikuwa watoto wa baba tofauti. Mmoja, John, aliletwa kwa bibi akiwa mtoto mchanga baada ya mama yake kufariki. Kwetu hakuna jambo la kawaida kuliko hilo. Lakini kanuni ya jiji ilitaja aina za ndugu wanaoruhusiwa kukaa nyumba moja, na binamu wawili kwa bibi mmoja hawakuwemo. Mwaka 1973 bibi akaletewa taarifa kwamba John ni mkazi haramu, amwondoe. Hakumwondoa. Akashtakiwa kwa jinai, akahukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25. Ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1977 akashinda kwa kura tano dhidi ya nne. Kura moja tu ingegeuka, bibi huyu angebaki mhalifu kwa kosa la kumlea mjukuu. Baada ya hapo, yupo anayeweza kusimama na kusema Wamarekani hawajui ukoo? Waliujua. Wengine waliadhibiwa kwa kuujua.

Twende China. Tangu mwaka 1958 kila raia husajiliwa kwa mfumo uitwao hukou, unaomfunga na mahali alipoandikishwa, na kwa miongo mingi uligawa watu kuwa wa kijijini na wa mjini. Uchumi ulipofunguliwa, wakulima waliruhusiwa kwenda kufanya kazi viwandani Shenzhen na Dongguan, ila haki zao nyingi zilibaki kijijini: shule ya mtoto, matibabu, na ule mtihani mkuu wa kuingia chuo kikuu, gaokao, ambao kwa kawaida hufanyiwa mkoa ulikosajiliwa. Wafanyakazi wahamiaji wanaotoka vijijini ni kama milioni 300. Mama analala bweni la kiwanda, vitanda vya ghorofa, watu wanane chumba kimoja. Hapo hakuna pa kumlaza mtoto, na hata pangekuwepo, shule ya mtaa ingemwomba nyaraka asizokuwa nazo.

Kwa hiyo mtoto anabaki kwa bibi. Mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la China, likitumia takwimu za sensa ya 2010, lilikadiria watoto milioni 61 walioachwa vijijini na mzazi mmoja au wote wawili. Serikali ilipobana tafsiri mwaka 2016 na kuhesabu wale wa chini ya miaka 16 waliokosa malezi ya wazazi wote, ilipata zaidi ya milioni 9, na karibu tisa katika kila kumi kati yao walikuwa wakilelewa na babu na bibi. Hizo ndizo "familia za vizazi vingi" tunazozisifu: bibi na mjukuu, na katikati yao kizazi kizima hakipo.

Kila mwaka kwenye Sikukuu ya Machipuko, yaani mwaka mpya wa Kichina, dunia huoneshwa picha za stesheni zilizofurika. Mwaka 2019, katika siku 40 za msimu huo, zilihesabiwa safari karibu bilioni 3. Watangazaji husema: tazameni Wachina wanavyopenda familia. Wanaipenda, sina shaka. Lakini anayesafiri saa ishirini akiwa amesimama kwenye behewa ili amwone mwanawe kwa juma moja ni mtu aliyetenganishwa na mwanawe majuma yaliyobaki. Umati ule ni kipimo cha mapenzi na cha utengano kwa wakati mmoja, na anayesoma nusu moja tu hajausoma.

Na mjini je, mbona bibi yupo kila mahali, anasukuma kigari cha mtoto, anasubiri mlangoni mwa shule? Yupo kwa sababu sheria ilimpa nafasi na mageuzi ya uchumi yakamwondolea mbadala. Kwa miongo mingi mfanyakazi mwanamke wa China alistaafu akiwa na miaka 50, na mwanamke wa kazi za ofisini 55. Zamani viwanda vya dola vilikuwa na vituo vyao vya kulelea watoto. Likizo ya uzazi ilikuwa siku 56, na baada yake mama alimpeleka kichanga kituoni kazini kwake. Hapo bibi hakuwa nguzo ya malezi kama leo. Mageuzi ya miaka ya tisini yaliposafisha viwanda hivyo, vituo vikafungwa kwa wingi. Mwaka 2020 China ilikuwa na nafasi zisizofika mbili za kulea watoto chini ya miaka mitatu kwa kila watu elfu moja. Bibi aliingia kwenye pengo hilo. Tangu Januari 2025 umri wa kustaafu umeanza kupandishwa polepole, hadi 55 na 58 kwa wanawake. Tutaona ni bibi wangapi watakuwepo mlangoni mwa shule baada ya miaka 15, na sidhani kama yupo atakayesema Confucius ndiye aliyebadili mawazo.

Pensheni nayo ina lake la kusema. Hadi mwaka 2009 mkulima wa China, kwa jumla, hakuwa na pensheni ya serikali. Ilipoanzishwa, kiwango cha chini kilikuwa yuan 55 kwa mwezi, kama dola 8. Mzee wa dola 8 pensheni yake ni mtoto wake, na hasa mtoto wa kiume, maana binti huolewa akaenda kwao mumewe. Sera ya mtoto mmoja, iliyotekelezwa tangu mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015, iliwakuta watu wenye hofu ya kuzeeka bila mtoto wa kiume. Matokeo yake ni mamilioni ya wasichana ambao hawakuzaliwa. Hilo nalo tuliite heshima kwa wazee?

Wanaoamini hukumu hii husema pia kwamba kwa Mchina kumtunza mzazi kumo damuni, hakuhitaji amri. Katiba ya China ya mwaka 1982, ibara ya 49, inawaamuru watoto wazima kuwatunza wazazi. Mwaka 2013 sheria ya haki za wazee iliyorekebishwa iliwaamuru watoto wanaoishi mbali waende kuwaona wazazi mara kwa mara, na mwezi ule ule ilipoanza kutumika, mahakama ya Wuxi ilimwagiza binti mmoja amtembelee mama yake mwenye miaka 77 walau mara moja kila miezi miwili. Jambo lililomo damuni halipelekwi mahakamani. Kwa upande wa Wamarekani, wanaodaiwa hawana wajibu kwa wazazi, majimbo zaidi ya ishirini yana sheria zinazomtaka mtoto amsaidie mzazi asiyejiweza. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Pennsylvania ilimtwika mwana mmoja deni la nyumba ya wazee la mama yake, dola 93,000 hivi. Nchi zote mbili zinamsukumia mtoto mzigo pale dola inapojitoa.

Husemwa tena kwamba Mchina ana akiba kwa sababu ya malezi ya kale, na Mmarekani ni mbadhirifu kwa asili. Franco Modigliani, mshindi wa Nobeli ya uchumi, na mwenzake Shi Larry Cao walichunguza jambo hili katika makala ya mwaka 2004. Kabla ya mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya sabini, kaya za China ziliweka akiba ndogo mno, karibu asilimia 5 ya kipato au chini yake. Katikati ya miaka ya tisini zilikuwa zinaweka theluthi moja. Confucius hakuzaliwa mara ya pili katikati ya miaka hiyo. Kilichotokea ni kipato kupanda, watoto wa kuwategemea uzeeni kupungua, na kazi za kudumu zilizobeba nyumba, matibabu na pensheni kuanza kupotea. Baada ya mwaka 1998, ugawaji wa nyumba za waajiri ulipokomeshwa, mzazi mwenye mtoto wa kiume alijua kwamba bila fleti hakuna mchumba.

Malezi ya watoto ni hivyo hivyo. Kitabu kilichoitia dunia kichwani picha ya mama wa Kichina mkali kama chui milia kilitoka mwaka 2011, na mwandishi wake, Amy Chua, ni profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyezaliwa Illinois. Mbio za masomo nchini China zinaendeshwa na mtihani mmoja unaoamua maisha ya mamilioni kila Juni. Julai 2021 serikali yao ilipiga marufuku tuisheni ya kibiashara ya masomo ya msingi, sababu mojawapo ikiwa gharama zake zilizokuwa zinawatisha watu kuzaa. Na yule mzazi wa Kimarekani anayesifiwa kwa kumwacha mtoto achague njia yake? Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki watu wapatao hamsini katika kashfa ya rushwa za kuingiza watoto vyuo vikuu, wakiwemo wazazi matajiri na waigizaji maarufu. Mlango ukiwa mwembamba, wazazi husukumana, wawe wamezaliwa Chengdu au Los Angeles.

Wasomi wenye nadharia hii hawana budi kujibu pia. Namba inayonukuliwa kila mahali, kwamba Marekani ina alama 91 za ubinafsi na China 20, ni ya Mholanzi Geert Hofstede. Chanzo chake ni dodoso walizojazishwa wafanyakazi wa kampuni ya IBM mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, na China bara haikuwemo. Alama yake iliongezwa baadaye. Miongo miwili kabla ya dodoso hizo, Fei Xiaotong, mwanasosholojia mkubwa wa China aliyewahi pia kukaa Marekani na kuiandika, alikwisha kueleza kwamba jamii ya kijiji cha Kichina imejengwa kwa miduara inayoanzia kwa mtu mwenyewe na kupanuka, na kwamba mtu huyo yuko tayari kuutoa mduara mpana kwa ajili ya ule mdogo. Aliyatazama mambo kutoka ndani, na hakuona hilo kundi linalomfuta mtu.

Sasa nizipe haki zake hoja za upande wa pili. Tofauti zipo. Mezani kwa Wachina mboga huwekwa katikati na kila mtu huchota, na mwenyeji hukuongezea bila kukuuliza. Mmarekani hupewa sahani yake. Mtoto wa Kichina hamwiti mkubwa kwa jina: kuna neno lake kwa ndugu wa kiume wa baba aliyemtangulia baba, na lingine kwa aliyemfuata. Mama aliyejifungua hukaa ndani mwezi mzima, hagusi maji baridi, analishwa supu na mama au mkwe. Mwanamke wa Pwani aliyetoka arobaini ataelewa mara moja. Mmarekani humwambia mwanawe kila siku kwamba anampenda. Baba wa Kichina humenya tunda, akalikatakata na kumletea anaposoma. Haya ni ya kweli, yana thamani, na yanahama na watu.

Lakini yanaeleza namna mapenzi yanavyooneshwa. Hayaelezi nani anaishi na nani. Mtu atasema: mbona Wamarekani wenye asili ya Asia huishi vizazi kadhaa pamoja kuliko Wazungu? Ni kweli. Kwa hesabu za Pew za mwaka 2021 wao ni asilimia 24, Wazungu 13. Ila Wamarekani weusi ni asilimia 26, na wengi wao mababu zao wamekuwa Marekani kwa karne kadhaa, hawajasoma Confucius. Na Wamarekani wote kwa jumla waliokuwa wakiishi hivyo walikuwa asilimia 7 mwaka 1971, wakawa 18 mwaka 2021. Kodi zikipanda, mishahara ikidumaa na ubaguzi ukifunga milango, watu husogeleana. Mila huwapa adabu ya kukaa pamoja. Mahitaji ndiyo huwakalisha.

Kwa nini nalishupalia jambo hili, ilhali mimi si Mchina wala Mmarekani? Kwa sababu hukumu hii inatumika kwetu. Kila linapozungumzwa suala la pensheni ya wazee wote, hukosi kumsikia mwenye mamlaka akisema kwamba sisi si Wazungu, wazee wetu wanatunzwa na familia, ndiyo mila yetu, kama ilivyo kwa ndugu zetu Wachina. Ni maneno matamu yasiyomgharimu chochote anayeyasema. Anayegharimika ni binti aliyeacha kazi mjini akarudi kumwosha mama yake aliyepooza, ni mke wa mwana wa mwisho, ni bibi wa miaka sabini anayelea wajukuu watano kwa jembe la mkono. China yenyewe haikuridhika na sifa za mila: mwaka 2009 ilianza kumlipa mkulima mzee, japo kidogo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi zake 2,000. Ni kiasi kidogo, lakini waliokiidhinisha walikubali jambo kubwa: mapenzi ya mtoto hayanunui dawa.

Wamarekani hawakosi moyo, na Wachina hawakuzaliwa na moyo wa ziada. Wapo watu wanaowapenda wazazi wao chini ya sheria mbili tofauti, na sheria hizo ndizo zinazopaswa kusomwa, kupimwa na kulinganishwa. Anayetaka wazee wetu wasife peke yao aache kutuhubiria utamaduni wa Mchina, atuonyeshe bajeti: pensheni kiasi gani, likizo ya siku ngapi kwa anayemuuguza mzazi, wauguzi wa majumbani wangapi kila wilaya. Asiye na majibu hayo hana hoja ya mila. Ana deni, na wanaolilipa kwa niaba yake ni mabinti zetu.